Sura ya Saba: Nyumba Iliyoondolewa Mtoto

Ziko njia mbili za kuijua thamani ya kitu: ya kwanza ni kukitazama kingali mahali pake, na ya pili ni kukiondoa, kisha kuyatazama yaliyosalia. Njia ya kwanza ni nyepesi, na aghalabu hudanganya, kwa kuwa jicho hukinai kwa kilicho karibu nalo, na moyo hukichukulia kila kilichopo kuwa ni haki yake. Njia ya pili ni nzito, wala haijaribiki katika maisha ya kila siku, maadamu hapana mtu mwenye akili timamu atakayemtoa mwanawe nyumbani ili apate kujua nyumba itakuwaje bila yake. Lisilowezekana kwa mkono huwezekana kwa hikaya, na katika hikaya zote nilizopata kuzitazama katika runinga, sijaona iliyolitenda jambo hilo kwa uwazi kupita kipindi maalumu cha tamthilia ya Doctor Who, kilichoonyeshwa siku ya Krismasi ya mwaka 2023 kwa jina la The Church on Ruby Road.

Tamthilia hiyo ni kongwe kuliko uhuru wetu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuionyesha jioni ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, na wiki tatu kasoro siku mbili kabla ya Kenya kuingia katika siku yake ya kwanza ya kujitawala. Sehemu yake ya kwanza iliongozwa na Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow katika Bara Hindi, na msimamizi wa utayarishaji wake alikuwa Verity Lambert, mwanamke kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 28, katika zama ambazo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa milki ya wanaume. Mhusika mkuu ni msafiri aitwaye Daktari, ambaye kwa sura ni binadamu na kwa asili siye, naye husafiri katika nyakati na katika sayari kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha samawati cha polisi wa Uingereza wa zamani, na kwa ndani ni kipana kupita kasri. Mwaka 1966, afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilipodhoofu, watungaji walibuni hila iliyoihifadhi kazi yao hata leo: kwamba Daktari akifikia ukingo wa mauti hafi, bali mwili wake hugeuka ukawa mwingine, na kwa mwili mwingine huja mwigizaji mwingine. Kwa hila hiyo tamthilia imevuka miaka 60, ghairi ya kimya kirefu cha tangu 1989 hadi 2005, ambacho katikati yake ilitoka filamu moja tu, ya mwaka 1996.

Iliporudi mwaka 2005 chini ya kalamu ya Russell T Davies, mwandishi wa Wales aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1963, ilianzisha ada ya kutoa kila Krismasi kipindi kirefu kinachojitegemea. Ada hiyo ilidumu hadi 2017, ikahamishiwa Mwaka Mpya kwa muda, kisha ikarejeshwa mahali pake mwaka 2023, Davies alipoitwa tena kazini. Kipindi cha namna hii kina masharti yake. Hadhira yake si mashabiki peke yao, wanaokumbuka kila jina na kila tarehe, bali ni jamaa nzima iliyokwisha kula ikashiba, nyanya yumo, mjukuu yumo, na ami aliyekuja kuwaangalia jamaa zake, ambaye hajapata kuitazama tamthilia hiyo hata mara moja. Kwa hiyo mtungaji hawezi kutegemea maarifa yaliyotangulia, na hana budi kutafuta jambo ambalo kila aliyemo chumbani analijua pasi na kuelezwa. Davies alichagua jambo la mtoto na mlezi wake.

Kisa chaanza usiku wa tarehe 24 Desemba 2004. Mwanamke aliyejifunika kichwa amweka mtoto mchanga mlangoni pa kanisa lililo katika barabara ya Ruby, akaondoka katika theluji pasi na uso wake kuonekana. Mtoto akapewa jina la barabara ile, akalelewa na Carla Sunday, mwanamke ambaye shughuli yake ni kuwapokea watoto wasio na makao na kuwatunza, huyu kwa siku chache na yule kwa miezi, hadi wapatiwe pa kudumu. Wengine walikuja wakaenda, ila Ruby hakwenda. Akawa binti wa nyumba, mwenye mama na mwenye nyanya. Tunapokutana naye, akiigizwa na Millie Gibson, ana umri wa miaka 19, na katika jiko lao, juu ya friji, zimebandikwa picha za watoto waliopata kupita mikononi mwa Carla, nao ni 33. Mtazamaji azikumbuke picha hizo, kwani kipindi chote kimetundikwa juu yake.

Ruby anaandamwa na nuhusi. Vitu vyaanguka apitapo, vyombo vyavunjika, safari zaharibika. Na Daktari, aliyemwona kwa mbali, atambua kwamba kisirani hicho kina wenyewe. Wenyewe ni mazimwi, ambayo yana elimu yao: kama sisi tulivyojifunza kani za umeme na za sumaku, wao wamejifunza kani za sadfa na za bahati, wakajua jinsi ya kuzisokota mpaka mabaya yakafuatana, na katika fujo hiyo huiba watoto wachanga wakawala. Mkesha wa Krismasi ya 2023, Carla aletewa kitoto kichanga cha kulea, Lulubelle. Mazimwi yakaja yakamchukua, na Ruby, bila kujiuliza mara mbili, akadandia ngazi ya kamba akapanda nao angani.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa pwani atalitazama kwa jicho la nyumbani. Chombo cha mazimwi si roketi, wala si kisahani cha chuma chenye taa, bali ni jahazi la mbao liendalo juu ya mawingu, na kila kitu ndani yake kimefungwa kwa kamba: kamba juu ya kamba, fundo ndani ya fundo, kana kwamba mtu amechukua henza ya kupandishia tanga, na demani ya kulishikia, na amari ya kutilia nanga, akazizidisha mara elfu. Daktari alipofungwa hakutafuta silaha. Alianza kuzisoma kamba zile, akimwambia Ruby kwamba hiyo ni elimu mpya kwake na kwamba anajifunza msamiati wake, na kwa kuijua kamba ipi inashika nini akapata njia ya kutoka. Aliyepata kuwaona mabaharia wa Mji wa Kale wa Mombasa wakifungua shehena ajua kwamba huo si mzaha mtupu: katika chombo cha tanga, ujinga wa fundo moja waweza kukizamisha chombo, na nahodha humpima baharia mgeni kwa kumtazama mikono anapofunga, kabla ya kumwuliza alikotoka.

Sitaficha kwamba zipo sehemu dhaifu. Mazimwi yale yana wimbo wao wa kushangilia chakula, na Daktari na Ruby hulazimika kuudakia na kuuendeleza kwa beti za papo kwa papo ili wapate mwanya wa kukimbia. Watoto hulifurahia jambo hilo, lakini mtu mzima aliyekuwa ameanza kuingiwa na khofu hutolewa khofu hiyo kabla haijaiva. Mfalme wa mazimwi naye ni mkubwa wa tumbo na mdogo wa maneno, na mhalifu asiye na hoja hawezi kukumbukwa kwa muda mrefu. Lau kipindi kingekwisha hapo, Lulubelle akirudishwa kitandani na watu wakicheka, kingekuwa tafrija njema ya nusu saa, wala kisingestahili sura katika kitabu.

Lakini hakikwisha. Wangali jikoni wakijipongeza, Ruby atoweka. Mazimwi, yaliponyang'anywa windo moja, yamerudi nyuma hadi mwaka 2004 kumchukua yule mtoto wa mlangoni pa kanisa, na kwa kuwa alichukuliwa wakati ule, basi hakupata kuwako. Daktari peke yake ndiye anayekumbuka. Amgeukia Carla, na Carla aliye mbele yake si yule: uso umekuwa mkavu, sauti imekuwa ya kuchoka, na anapoulizwa kuhusu watoto ajibu kwamba ulezi kwake ni njia ya kupata fedha, basi. Nyumba ni ile ile, jiko ni lile lile, na zile picha hazipo. Watoto 33 hawakuliwa na mazimwi. Aliliwa mmoja tu. Waliobaki hawakupata kulelewa na mwanamke yule kwa moyo ule, kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa umefundishwa na mtoto wa kwanza kukaa.

Tendo hilo halichukui ila dakika chache, na humo ndimo ilimo hekima ya kipindi kizima. Desturi yetu ni kuhesabu alichopata mtoto kwa mlezi, yaani chakula, nguo, karo na dua. Davies amegeuza daftari, akahesabu alichopata mlezi kwa mtoto, na hesabu hiyo hakuipata kwa hotuba bali kwa kuondoa. Niliwahi kukaa na majirani hapa mtaani Magongo, Mombasa, vijana wakiitazama sehemu hiyo katika simu, mmoja akiwatafsiria wengine upesi upesi, na nyanya yao, aliyekuwa akichambua mchele bila ya kuonyesha kwamba anasikiliza, akauliza, "Sasa huyo mama mbona kawa vile?" Mjukuu akamjibu, "Nyanya, mtoto wake kaibiwa, lakini hajui kama alikuwa naye." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hajui, lakini mwili wajua." Sijasoma uchambuzi wa kipindi hicho uliosema zaidi ya hayo.

Wala njia hii ya kukijua kitu kwa pengo lake si ya wasimulizi peke yao. Wenye elimu ya falaki nao huitumia, na pwani yetu ina sehemu katika habari hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kujitawala kwa Kenya, kikapewa jina la Uhuru. Miongoni mwa vitu kilivyovichunguza ni Cygnus X-1, na uchunguzi huo, pamoja na ule uliofuata wa darubini za ardhini, ulionyesha kwamba iko nyota kubwa inayozungushwa na mwenzi asiyeonekana kabisa, mzito kupita kiasi, ambaye hadi leo hutajwa kuwa ni shimo jeusi. Hapana aliyemwona mwenzi huyo. Alijulikana kwa yaliyompata jirani yake. Basi mtu asituambie sisi wa pwani kwamba mambo ya anga ni ngano za watu wa mbali, ilhali chombo kilichosaidia kuzithibitisha kiliondokea katika maji yetu, nasi tungali tukivua hapo.

Katika suala la ulezi, hadhira yetu haihitaji kufundishwa na London. Wahenga walikwisha kusema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na katika miji ya pwani nyumba isiyopata kulea mtoto wa ndugu, wa jirani, au wa marehemu fulani, ni nadra. Waislamu wanajua kwamba Mtume wao alikuwa yatima, akalelewa na babu yake kisha na ami yake, na kwamba kafala, yaani kumchukua mtoto na kumtunza pasi na kumvua nasaba yake, ni ibada yenye thawabu kubwa. Na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kuwa mojawapo ya njia halali za malezi. Tofauti iliyopo kati ya ada hiyo na kisa cha Ruby ni kwamba Ruby hana nasaba ya kuhifadhiwa, na kiu yake ya kuijua ndiyo inayomsukuma mbele; lakini Daktari anapomweleza kwamba naye ni mtoto wa kuokotwa, jambo ambalo tamthilia ilikuwa imelifunua mwaka 2020, wawili hao hawafarijiani kwa kusema kwamba nasaba si kitu. Wanakubaliana kwamba ni kitu, na kwamba mtu aweza kuishi akiitafuta huku akipendwa.

Aliyemwigiza Daktari siku hiyo, katika kipindi chake cha kwanza kamili, ni Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwezi wa Oktoba 1992. Mwaka 1994, ambapo katika muda wa siku takriban 100 waliuawa Rwanda watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 na zaidi, wengi wao Watutsi, jamaa yake ilitoka nchini pamoja naye, mtoto asiyetimiza miaka miwili, ikapata makao Scotland; huko akakulia Edinburgh na Dunfermline, akasomea uigizaji Glasgow, na tarehe 8 Mei 2022 BBC ikatangaza kwamba yeye ndiye Daktari ajaye. Waliomtangulia katika nafasi hiyo walizaliwa Uingereza. Sidai kwamba Davies aliitunga sehemu ile ya kutoweka kwa kuikusudia Rwanda, kwani hapana neno lolote kipindini liitajalo. Ninalosema ni kwamba mtazamaji wa Afrika ya Mashariki, akimwona mzaliwa wa Kigali amesimama katika jiko la watu, machozi yakimlenga, akizitafuta picha za watoto ambazo jana zilikuwapo, hana namna ya kulitazama hilo kama atakavyolitazama mtu wa Cardiff.

Kigali, kwetu sisi wa Magongo, si jina la katika ramani. Barabara yetu, itokayo mzunguko wa Changamwe na kupita katikati ya mtaa hadi Jomvu, imezoea malori ya makasha yatokayo bandari ya Kilindini, na miongoni mwayo yamo yaendayo Rwanda kwa njia ya Nairobi, Malaba na Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Madereva na utingo wao hula katika vibanda vyetu, huongea Kiswahili chenye ladha ya huko watokako, na huulizana habari za mpakani kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Watu hao hupita kila siku, na mwaka 1994 umo katika umri wa wengi wao, wala hawausemi wakila. Ukiwajua majirani wa namna hiyo, hadithi ya nyumba ambayo picha zake zimeondoka, na mwenye nyumba akawa mkavu bila kujua sababu, haiwi ngano ya mazimwi tena.

Daktari hamrudishi Ruby kwa maneno. Airudia ile 2004, aikamata kamba inayoning'inia kutoka katika jahazi, na kwa msaada wa glavu zenye kugeuza uzani akakivuta chombo chote hadi kikachomwa na mnara wa kanisa, mfalme wa mazimwi akaangamia, na mtoto akawekwa tena mlangoni. Hapo Daktari amwona mama mzazi akienda zake katika theluji, na angeweza kumfuata akaujua uso wake, lakini hakumfuata. Kwa miezi kadhaa watazamaji walibishana: huyu mama ni nani, ni malaika, ni jini, ni malkia wa sayari gani? Jibu lilitolewa mwezi wa Juni 2024, katika kipindi cha Empire of Death, nalo liliwaudhi wengi: alikuwa binti wa kawaida wa miaka 15 aliyeogopa, ambaye baadaye alikuja kuwa muuguzi. Mimi naliona kuwa ndilo jibu pekee lililokuwa la haki, kwa sababu lau mama angalikuwa malkia, thamani ya Ruby ingalitoka kwa mama, na lile pengo la jikoni lingalikuwa limetudanganya.

Fasihi yetu wenyewe haikukosa mtu wa kuitumia njia hiyo. Katama Mkangi, mwana wa pwani hii, katika riwaya yake ya Walenisi ya mwaka 1995, alimchukua mtu aliyehukumiwa kifo, akamtia katika chombo cha kurushwa angani, akamfikisha katika ulimwengu ambamo unyonyaji umeondolewa, ili msomaji, kwa kuutazama ulimwengu usio nao, aujue unyonyaji wa kwake ulivyokuwa mkubwa. Mkangi aliondoa ovu ili lionekane, Davies akaondoa jema ili lionekane; hesabu ni moja, alama tu ndizo zilizobadilika. Ajabu ni kwamba tangu riwaya ile itoke miaka imepita mingi, na runinga zetu, ambazo hazikosi tamthilia za mapenzi, za mirathi na za uchawi, ni nadra kulijaribu jambo la namna hii, na watengenezaji wakiulizwa husema kwamba hadithi za kubuni za kisayansi zataka fedha za Wazungu.

Udhuru huo haukubaliki. Jahazi la angani, kamba zake elfu na mfalme wa mazimwi viligharimu fedha nyingi, na ndivyo vilivyosahauliwa upesi. Sehemu iliyobaki katika nyoyo za watu ilihitaji jiko moja, waigizaji wawili, na friji iliyobanduliwa picha, vitu ambavyo mtengenezaji yeyote wa Mombasa aweza kuviazima mtaani kwa siku moja. Kinachohitajika ni mwandishi atakayekaa katika nyumba anayoijua, iwe ya Magongo au ya Likoni au ya Kisauni, akajiuliza ni nani au ni nini akikiondoa nyumba hiyo itaharibika kwa namna ambayo wenyewe hawataweza kuieleza, kisha awe na ujasiri wa kukiondoa.